Shangazi, mume wangu anasema mbwa wanatufilisi

Shangazi, shikamoo.

Nimesitasita sana kukuandikia. Wenzangu wanakuletea mambo ya wakwe na wachumba, mimi nakuletea mbwa. Lakini suala hili limeshatoka kwa mbwa limeingia kwenye ndoa yangu, na sijui nimwambie nani mwingine.

Tuna mbwa watatu. Tausi ni jike wa miaka 9, nilikuwa naye kabla sijaolewa. Bosi ni dume wa miaka 5, mnene, mpole, na ndiye anayemsubiri mume wangu getini kila jioni. Wa tatu ni Kito, jike mdogo ambaye binti yetu alimwokota akamleta nyumbani amemfunika kwa sweta yake ya shule. Ana kama wiki 10 hivi. Nilisema atakaa siku mbili tu hadi tumpatie mtu. Hajaondoka, na watoto wameshampa jina, kwa hiyo hapo najua nimeshashindwa.

Tatizo letu ni bili. Bosi anaumwa masikio. Anaanza kutikisa kichwa, anajikuna, sikio linatoa harufu, tunakwenda kliniki, tunapewa dawa ya matone. Harufu ikiisha tunaacha, maana dawa yenyewe ni ghali na nataka ibaki kidogo kwa safari nyingine. Baada ya miezi michache tunarudi palepale. Mara ya mwisho daktari alitaja vipimo. Sikuwa na pesa, ila niliona aibu kusema. Nikaitikia, nikasema nitarudi wiki ijayo. Sikurudi, na sasa naona haya hata kupita karibu na ile kliniki.

Kito hajachanjwa. Mume wangu anasema chanjo za kila mwaka ni biashara ya madaktari, kwamba mbwa wa kwao alipokuwa mtoto hawakuchanjwa hata mmoja na walizeeka vizuri. Kupe nao hawaishi. Tunawaogesha mbwa kwa dawa leo, wiki haijaisha unawakuta tena kwenye masikio na katikati ya vidole.

Tausi peke yake ndiye hanisumbui, yeye ni uzee tu. Siku hizi anakunywa maji hadi bakuli linakauka, na amekojoa ndani mara kadhaa, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu akiwa mdogo. Chakula anakigusagusa tu. Alikuwa kwenye joto, yaani kile kipindi cha kutaka dume, kama mwezi mmoja uliopita, nadhani kwa umri wake ilimchosha. Sijampeleka popote kwa sababu pesa yote imeishia kwenye masikio ya Bosi.

Sasa juzi mume wangu alizikuta risiti kwenye droo, akakaa na kalamu akazijumlisha. Hakugomba. Alisema tu, "Kwa pesa hii tungekuwa tumeshamaliza ada ya muhula." Kisha akasema au niwapunguze mbwa, au yeye aache kuchangia. Tangu siku hiyo tunaongea mambo ya watoto tu.

Jirani ananishauri nimpe Bosi vidonge vya maumivu tunavyomeza sisi, na nimwekee matone ya masikio ya watoto, niachane na kliniki. Rafiki yangu kazini anasema nikate bima ya mbwa. Mimi mwenyewe sijui. Ninachojua ni kwamba daktari akisema "tufanye hiki na hiki" naitikia kwa kichwa huku moyo unanienda mbio hadi nifike mapokezi kulipa. Naogopa nikiuliza bei ataona siwapendi wanyama wangu.

Niambie ukweli, Shangazi. Mtu mwenye kipato cha kawaida ana haki ya kufuga mbwa? Na kama anayo, anamudu vipi?

Ni mimi, Mama wa Watatu

*

Marahaba, mwanangu.

Wasomaji wangu wajue kwamba barua hii sikuisubirisha ifike zamu yake. Nilipofika pale kwa Tausi nilikuandikia pembeni usiku uleule, nikakwambia asubuhi uwe kliniki. Nashukuru ulikwenda, na nashukuru zaidi kwamba ulinijibu. Daktari alikuta kizazi kimejaa usaha. Tausi ameshafanyiwa upasuaji wa kuondoa kizazi, yuko nyumbani, ameanza kula.

Nalisimulia hapa kwa sababu kuna mtu anasoma sasa hivi ana jike kama Tausi na yeye anasema ni uzee. Jike ambaye hajafungwa kizazi, kila anapotoka kwenye joto, homoni za ujauzito hubaki juu mwilini kwa takriban miezi miwili hata kama hakupandwa. Ukuta wa kizazi unanenepa, na bakteria wakiingia wanapata mahali pazuri pa kuzaliana. Ndiyo maana ugonjwa huu hujitokeza zaidi katika wiki zinazofuata joto, na zaidi kwa majike wenye umri mkubwa. Sumu ya bakteria inazuia figo kubakiza maji, mbwa anakojoa sana, na anakunywa sana kufidia. Wengine hutoa uchafu nyuma ukauona. Wengine mlango wa kizazi umefunga, huoni kitu, na hao ndio wako hatarini zaidi kwa sababu usaha wote unabaki ndani. Rekodi za bima za mbwa nchini Uswidi zilionyesha kwamba karibu robo ya majike wasiofungwa kizazi waliugua hivi kabla ya kutimiza miaka 10. Si ugonjwa wa nadra. Kwa hiyo jike asiyefungwa kizazi aliyetoka kwenye joto wiki chache zilizopita, akianza kunywa maji kupita kawaida na kukataa chakula, anapelekwa kwa daktari siku hiyohiyo. Usingoje mwisho wa mwezi.

Sasa tuje kwenye kile ulichokiuliza, na ambacho naona ndicho kinachokutesa kuliko hata pesa yenyewe. Ni ile aibu.

Ulinieleza kwamba asubuhi ile ulipofika na Tausi ulisema yale maneno niliyokuandikia: "Daktari, pesa niliyonayo leo ni hii. Tuanze na nini, na nini kinaweza kusubiri?" Ukashangaa kwamba hakukunja uso. Alikupangia upasuaji kwanza, akaahirisha kusafisha meno, akakubali ulipe sehemu na nyingine uimalize kidogokidogo. Mwanangu, si kwamba ulikutana na daktari mwenye huruma ya pekee. Madaktari wa wanyama wanalisikia swali hilo kila siku ya kazi. Daktari hajui mfuko wako una nini. Usiposema, anachoweza kufanya ni kukupa mpango uliokamilika, kipimo juu ya kipimo, kwa sababu hivyo ndivyo alivyofundishwa na hataki kukosa kitu. Ukisema, anaweza kukupa njia ya pili na ya tatu, na mara nyingi hizo nazo ni tiba halali kabisa. Wewe uliitikia, ukatoka, hukurudi. Daktari akabaki anadhani Bosi amepona, au umehamia kliniki nyingine. Kunyamaza kwako ndiko kulikomnyima Bosi matibabu, bei ilikuja nyuma yake.

Kwa hiyo kuanzia leo suala la pesa linaingia mwanzoni, kabla mbwa hajapandishwa mezani. Omba makadirio kwa maandishi, yenye kiwango cha chini na cha juu. Mwambie mpaka wako, na kwamba ukikaribia kuvukwa akupigie kwanza. Na kila kipimo kinapotajwa uliza swali moja: jibu la kipimo hiki litabadilisha nini katika matibabu? Kama likitoka hivi tutatoa dawa hii, likitoka vile tutatoa ile, basi kipimo kina kazi, kilipie. Kama dawa ni ileile jibu lolote litakalotoka, unaweza kuuliza kwa heshima kama kingesubiri. Swali hilo halimkeri daktari anayejua kazi yake. Nimeona watu wakiokoa pesa nyingi kwa kuliuliza, na nimeona wengine wakielewa kwa mara ya kwanza kwa nini kipimo fulani hakikwepeki.

Tulitumie kwa Bosi. Siwezi kumtibu kwa barua, lakini kwa sikio linalorudirudi, kipimo cha kwanza ambacho kwa kawaida hufanywa ni kuchukua uchafu wa sikio kwa pamba, kuupaka kwenye kioo na kuutazama kwa hadubini. Ni miongoni mwa vipimo vya bei nafuu kliniki, na jibu lake linabadilisha kila kitu, maana fangasi, bakteria na utitiri wa masikio hazitibiwi kwa namna moja. Inawezekana kabisa kwamba ulichokikataa ni hicho. Umekuwa ukinunua matone mara kwa mara bila kujua unapigana na nani.

Halafu kuna suala la kuacha dawa harufu ikiisha. Harufu huisha kabla ugonjwa haujaisha. Bakteria waliobaki ndio wanaorudi, na wakati mwingine wanarudi wakiwa wameshaizoea dawa, hapo ndipo unapohitaji dawa ya ghali zaidi. Maliza siku zote ulizoandikiwa, kisha mrudishe daktari atazame kwa kifaa chake kama ndani kumekauka. Ile safari ya marudio unayoikwepa ndiyo inayokuepusha na safari nyingine.

Na kuna chanzo. Kwa mbwa wengi wenye masikio yanayougua tena na tena, sikio si ugonjwa wenyewe, ni mahali ugonjwa unapojionyesha. Chini yake kuna mzio wa ngozi, ama wa vitu vilivyomo katika mazingira kama chavua na vumbi, ama wa chakula. Jiulize kama Bosi pia analamba miguu, anajikuna kwapani, ana wekundu tumboni. Mweleze daktari. Akishuku chakula, jaribio lake ni kumlisha aina moja ya nyama ambayo hajawahi kuila, pamoja na wanga wa aina moja, kwa muda wa takriban wiki 8, bila kipande cha kitu kingine chochote kutoka mezani. Jaribio hilo linataka nidhamu ya nyumba nzima kuliko linavyotaka pesa. Watoto wakimrushia mkate siku ya 40, mnaanza upya. Baada ya kumwogesha mkaushe masikio vizuri, maana unyevu unawafaa fangasi.

Kuhusu jirani yako, namheshimu, lakini hapana. Ibuprofeni inaweza kutoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake. Parasetamoli kwa kiasi kisichofaa inaharibu ini na damu, na kwa paka hata kidonge kimoja kinaweza kuua. Matone ya masikio ya watoto nayo usiyaguse: kama ngoma ya sikio imetoboka, baadhi ya dawa zikipita ndani zinaleta uziwi, na huwezi kujua kama imetoboka mpaka mtu atazame. Mbwa aliyekula dawa ya binadamu analazwa kwa dripu siku kadhaa, na hiyo bili hutaitaka. Hapohapo niwakumbushe wote kwamba chokoleti, vitunguu, zabibu, na peremende zisizo na sukari zenye zilitoli, kitamu kinachowekwa badala ya sukari, ni sumu kwa mbwa. Zikae juu, mbali na mkia na pua.

Umesema Bosi ni mnene, ukapita haraka kama sifa ya kawaida. Mimi nasimama hapo. Kuna utafiti uliowafuatilia mbwa 48 wa aina ya Labrador tangu udogo hadi kufa, matokeo yake ya maisha yalichapishwa mwaka 2002. Nusu yao walipewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao. Hao waliolishwa pungufu walibaki wembamba, wakaishi karibu miaka miwili zaidi, na maumivu ya viungo yaliwachukua muda mrefu zaidi kuanza kuhitaji dawa. Sijui dawa yoyote kliniki yenye matokeo kama hayo, na hii inapunguza matumizi badala ya kuyaongeza. Pitisha viganja kwenye mbavu za Bosi. Unapaswa kuzihisi bila kukandamiza, na ukimtazama kutoka juu uone kiuno. Kama hakipo, pima chakula kwa kikombe kilekile kila siku, mtu mmoja tu alishe, na vitafunwa vihesabiwe ndani ya kipimo hicho.

Kwenye chanjo, mumeo ana nusu ya ukweli na nusu hiyo nampa. Mbwa aliyekamilisha chanjo zake za utotoni za magonjwa ya virusi ya pavo, distempa na homa ya ini, akapata ile ya kuimarisha, hahitaji kurudia hizo kila mwaka. Mwongozo wa chama cha kimataifa cha madaktari wa wanyama wadogo unasema zisirudiwe mapema kuliko miaka 3. Kama kliniki inakudunga zote kila mwaka, una haki ya kuuliza kwa nini. Chanjo ya leptospirosisi, ugonjwa wa bakteria unaoenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine, ni tofauti, kinga yake haidumu, hiyo ni ya kila mwaka pale ugonjwa ulipo. Ya kichaa cha mbwa inafuata sheria ya nchi unayoishi na aina ya chanjo iliyotumika.

Lakini Kito hayumo kwenye nusu ya mumeo. Mtoto wa mbwa anachanjwa kuanzia wiki ya 6 hadi ya 8, kisha anarudiwa kila wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe angalau wiki 16. Sababu ya kurudia ni kwamba kinga aliyonyonya kwa mama yake huizuia chanjo isifanye kazi, na hakuna ajuaye kwa kila mtoto inaisha wiki gani. Kito ana wiki 10 na hana hata moja. Pavo inaua watoto wa mbwa kwa kuhara damu na kukaukiwa maji, na kumtibu mmoja kwa dripu kunagharimu mara nyingi zaidi ya chanjo zote za utoto wake. Virusi vyake vinakaa kwenye udongo kwa miezi, vinaingia kwa soli ya kiatu, kwa hiyo kumfungia uani hakumkingi. Mbwa wa utotoni kwa mumeo anaowakumbuka ni wale waliozeeka. Waliokufa wakiwa wadogo watoto huwa hawaambiwi.

Kichaa cha mbwa sitakijadili kwa upande wa gharama. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wakiwemo watoto wengi, na karibu maambukizi yote kwa binadamu yanatoka kwa mbwa. Dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Una watoto ndani ya nyumba. Kito atadungwa akifikisha umri ambao daktari ataona unafaa, kwa kawaida wiki 12, na hao wakubwa uhakikishe kadi zao hazijapitwa na wakati. Sehemu nyingi huendesha kampeni za chanjo hii bure au kwa bei ndogo, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ulizia. Ulizia vilevile kuhusu vyuo vinavyofundisha udaktari wa wanyama na mashirika ya ustawi wa wanyama, maana mara nyingi wanafunga vizazi kwa gharama ya chini. Kito afungwe kizazi, mwanangu. Daktari atakwambia umri unaomfaa kulingana na ukubwa atakaofikia. Umeshaona kwa Tausi upasuaji huohuo unavyogharimu ukifanywa kwa dharura kwa mbwa mgonjwa.

Kupe nakujibu kwa kifupi. Wale unaowaona kwa mbwa ni sehemu ndogo ya walioko nyumbani kwako. Jike akishashiba damu anadondoka, anatafuta ufa ukutani au pembe ya banda, anataga maelfu ya mayai. Ukiogesha mbwa na kuliacha banda, wanarudi kama ulivyoona. Siku unayowatibu mbwa, wote watatu kwa pamoja, ndiyo siku ya kutibu banda, kuziba nyufa, kuchoma au kutupa matandiko ya zamani na kukata nyasi. Dawa zenye nguvu kwa mbwa wakubwa usimpake mtoto wa wiki 10 bila kuuliza. Na mbwa mwenye kupe akipata homa, fizi zikapauka, mkojo ukawa mwekundu au wa kahawia, huyo ana ugonjwa wa kupe mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Sasa bima. Rafiki yako hajakosea, ila bima nyingi hazilipii ugonjwa uliokuwepo kabla ya kujiunga. Masikio ya Bosi yatakataliwa, na Tausi kwa miaka 9 ama atakataliwa ama mchango wake utakuwa mzito. Kito ndiye anayefaa, akiwa mdogo na mzima, kama huduma hiyo inapatikana ulipo. Kabla ya kusaini soma mambo manne: kiasi unachojilipia mwenyewe kila dai, kikomo cha mwaka, muda wa kusubiri kabla haijaanza kulipa, na orodha ya yasiyolipiwa. Pia fahamu kama ni wewe unayelipa kwanza kisha unarudishiwa, kwa sababu bima ya namna hiyo haikusaidii usiku wa dharura kama mkononi huna kitu.

Kwa hao wawili, na hata kwa Kito kama bima hakuna, njia ni akiba. Chukua daftari. Andika yale unayojua yatakuja mwaka huu kwa kila mbwa: chanjo, dawa ya minyoo, kinga ya kupe, uchunguzi wa mara moja kwa mwaka, kwa Tausi mara mbili kwa sababu ya umri. Jumlisha, gawa kwa 12. Hicho ndicho mbwa wako wanachogharimu kwa mwezi, na kitoke siku ya mshahara, kabla ya mengine. Ongeza juu yake kiasi kidogo cha dharura kisichoguswa. Iweke mahali ambapo huwezi kuitoa kwa kubonyeza simu ukiwa sokoni. Ukiandikiwa dawa, uliza kama kuna yenye kiambato kilekile isiyo na jina maarufu, na omba cheti cha dawa ulinganishe bei kwingine.

Jifunze pia kutofautisha usiku wa kukimbia na usiku wa kusubiri, kwa sababu malipo ya usiku ni mazito. Kimbia tumbo likivimba huku mbwa anajaribu kutapika na hakitoki kitu. Kimbia fizi zikiwa nyeupe, akishindwa kukojoa kabisa, akipumua kwa shida akiwa amepumzika, degedege likizidi dakika 5, au ukijua amekula sumu. Aliyetapika mara moja kisha anacheza na kunywa maji anaweza kufika asubuhi. Kuwa na kipimajoto cha nyumbani: joto la kawaida la mbwa ni kati ya 38.3 na 39.2, kwa hiyo usishtuke ukiona 38.8. Ukibonyeza fizi kwa kidole ikageuka nyeupe, rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2. Taarifa hizo ukimsomea daktari kwa simu, anaweza kukwambia uje au ungoje.

Umeniuliza kama mwenye kipato cha kawaida ana haki ya kufuga. Anayo. Asichokuwa nacho ni uwezo wa kufuga idadi yoyote. Kwa mapato mliyonayo, daftari lenyewe litakwambia kama ni watatu au wawili, na likisema wawili, mtafutieni Kito nyumba njema sasa akiwa mdogo na akiwa ameshachanjwa, kabla ya watoto kumzoea zaidi. Nakuambia hili kwa uchungu, najua binti yako atalia. Lakini mbwa wawili wanaotibiwa ni afadhali kuliko watatu wanaoangaliwa wakiugua.

Mumeo usimwone adui. Soma tena alichosema: hakusema hawapendi, alitaja ada ya muhula. Huyo ni mtu aliyeogopeshwa na namba iliyomkuta kwenye droo bila kutayarishwa, na namba ikija namna hiyo inatisha hata kama ni ndogo. Mpelekee daftari. Kaa naye jioni watoto wakilala, mwonyeshe kiasi cha kila mwezi, na mkubaliane vitu viwili. Kwanza, kiasi hicho nani atoe ngapi. Pili, na hili ni gumu, mpaka wenu wa dharura kwa kila mbwa ni kiasi gani, na mkifika hapo mtafanya nini. Kwa Tausi zungumzeni pia siku ambayo maumivu yatakuwa mengi kuliko nafuu, kwamba mtamwomba daktari amlaze kwa amani badala ya kuuza samani kumwongezea wiki mbili za mateso. Jambo hilo haliamuliwi vizuri saa nane usiku mapokezini huku mmoja analia na mwingine anahesabu noti.

Nyuzi za Tausi zitatolewa kati ya siku ya 10 na ya 14 baada ya upasuaji. Siku hiyo mwombe mumeo mwende pamoja, na Bosi na Kito muwachukue. Mwache amwulize daktari mwenyewe kuhusu chanjo za kila mwaka, na wewe uulize kile kipimo cha sikio kinagharimu kiasi gani.

Ni mimi, Shangazi yako